NENO LA DAKTARI SI MSAHAFU



Wako watu ambao wakimsikia daktari akinena mbele ya jaji huinamisha vichwa kana kwamba wanasomewa Msahafu. Polisi akitoa ushahidi, atabishiwa. Mkulima akisema aliona, ataulizwa mwezi ulikuwa wa siku ngapi, alisimama chini ya mti gani, na macho yake yana nguvu kiasi gani. Lakini daktari wa serikali akisema, "Nimeipasua maiti hii, na mtu huyu aliuawa," basi shauri limekwisha. Aliye kizimbani ajiandae kwa jela au kwa kitanzi.

Sisi twasema hapana. Daktari ni shahidi kama mashahidi wengine. Anaweza kukosea, anaweza kujivuna, na anaweza kumpenda aliyemwajiri kuliko anavyoipenda kweli. Hatusemi haya kwa chuki ya elimu. Twayasema kwa sababu ya mambo yaliyotokea, tena katika nchi inayojisifu kwa elimu na kwa sheria.

KISA CHA KANADA

Yuko mtu aitwaye William Mullins-Johnson. Ni mtu wa Ojibwe, mmoja katika wenyeji wa asili wa Kanada, ambao nchi yao ilitwaliwa na wageni kabla nyingi za kwetu hazijatwaliwa. Jioni moja ya mwezi wa Juni, 1993, katika mji wa Sault Ste. Marie, jimbo la Ontario, alibaki nyumbani akimwangalia mtoto wa ndugu yake, msichana wa miaka 4. Kulipopambazuka mtoto alikutwa kitandani, amekwisha kufa.

Hakuna aliyeona ubaya wowote ukitendwa, wala mshtakiwa hakukiri kosa. Kilichokuwapo ni maiti na maneno ya madaktari. Walisema mtoto amekabwa koo na kuharibiwa. Aliyeunga mkono maneno hayo mahakamani alikuwa Daktari Charles Smith wa hospitali ya watoto ya Toronto, ambaye serikali ilimweka kuwa mkuu wa kazi ya kuchunguza vifo vya watoto katika jimbo zima. Nani angethubutu kumbishia bwana mkubwa kama huyo? Mwezi wa Septemba, 1994, Mullins-Johnson alihukumiwa kifungo cha maisha, asifikiriwe kutoka mpaka ipite miaka 25.

Akakata rufani. Mwaka 1996 majaji wawili kati ya watatu waliikataa, na mmoja, Jaji Borins, hakukubaliana na wenzake. Mwaka 1998 mahakama ya juu kabisa ya Kanada nayo ikaikataa. Yeye hakuacha kusema neno lake moja: sikuua.

Mawakili wanaowatetea watu waliofungwa bila hatia walipolishika shauri lake, waliomba jambo dogo tu. Walitaka vile vipande vya nyama ya maiti vinavyohifadhiwa ili madaktari wengine wavitazame. Vikatafutwa, havikuonekana. Mtu yumo jela kwa ajili ya vipande hivyo, na havijulikani viliko! Mwishowe vilipatikana katika ofisi ya yule yule Daktari Smith.

Madaktari wengine wakavitazama, miongoni mwao Bernard Knight wa Uingereza na Michael Pollanen wa Ontario. Waliona nini? Hakuna dalili ya kukabwa, wala dalili ya mtoto kuharibiwa. Alama zile zilikuwa za mauti yenyewe. Mtu akifa damu yake hutuama upande ulio chini, na ngozi hugeuka rangi kama ya mtu aliyepigwa. Misuli hulegea, na mwili hufunguka pale ulipokuwa umefungwa. Tena kisu cha mpasuaji chaweza kuacha alama zake chenyewe. Mambo haya ni ya kawaida kwa kila maiti, nayo ndiyo yaliyogeuzwa kuwa ushahidi wa mauaji.

Mwezi wa Septemba, 1995, mtu huyu alikuwa ndani. Mwezi wa Septemba, 2000, alikuwa ndani. Mwaka 2005 ndipo alipotolewa kwa dhamana, na Oktoba 15, 2007, Mahakama ya Rufani ya Ontario ikatamka kuwa hana hatia. Miaka 12 ilikuwa imekwisha kuliwa. Na si yake peke yake. Ndugu na ndugu walitenganishwa, na wazazi waliofiwa walibebeshwa uongo kwamba mtoto wao aliuawa na mtu wa damu yao.

HAIKUWA BAHATI MBAYA

Atainuka mtu aseme, "Hiyo ni ajali. Hata nahodha hodari hugonga mwamba." Twamjibu: nahodha aliyeonywa habari za mwamba, naye akazidi kuiendesha jahazi kule kule, hakupata ajali.

Mwaka 1991, miaka miwili kabla ya mtoto yule kufa, jaji wa mji wa Timmins katika jimbo hilo hilo alimwachilia msichana wa miaka 12 aliyeshtakiwa kumwua mtoto mchanga aliyekuwa akimlea, na katika hukumu yake akaonyesha wazi makosa ya kazi ya Daktari Smith. Je, wakubwa walimwondoa? Hawakumwondoa. Mwaka uliofuata ndio waliompa ukubwa.

Mwaka 1997, mama mmoja wa mji wa Kingston alishtakiwa kwamba amemchoma binti yake zaidi ya mara 80 kwa kitu kama mkasi, kwa kuwa Daktari Smith alisema majeraha yale ni ya kuchomwa. Maiti ikafukuliwa, ikatazamwa upya. Majeraha yalikuwa ya meno ya mbwa! Mashtaka yakafutwa mwaka 2001, baada ya mama aliyefiwa kukaa mahabusu karibu miaka miwili.

Serikali ya Ontario ikalazimika kuunda tume chini ya Jaji Stephen Goudge, nayo ikatoa taarifa yake Oktoba 1, 2008. Mashauri 45 ya daktari huyu yalikuwa yametazamwa upya na madaktari wengine. Katika 20, maoni yake yalionekana yana kasoro, na katika 12 kati ya hayo watu walikuwa wamekwisha kutiwa hatiani. Ikajulikana kuwa hakuwa amesomea kazi ya kuchunguza maiti kwa ajili ya mahakama, na kwamba wakubwa wake walimkinga. Naye mwenyewe aliungama kuwa alidhani kazi yake ni kuusaidia upande wa mashtaka.

Ndugu, neno hilo lirudieni mara mbili. Daktari aliapa kusema kweli, kumbe moyoni alikwisha chagua upande. Mpima mizani akiwa mtumishi wa mwenye duka, mnunuzi atapata wapi kilo iliyotimia?

Na lipo lililo baya zaidi. Baadhi ya wazazi walioshtakiwa kwa ushahidi wake walikiri makosa wasiyoyatenda. Walikiri kwa sababu waliambiwa kwamba daktari huyu hashindiki, na ukishindana naye utafungwa maisha, afadhali uinamishe kichwa upate miezi michache. Mahakama ambamo asiye na hatia huona heri kukiri imekuwa soko la kununulia vifungo.

SISI TWALIJUA JAMBO HILI

Msiseme Kanada ni mbali. Machi 3, 1959, katika kambi ya Hola, Kenya, mahabusu 11 walikufa. Serikali ya mkoloni ilitangaza kwamba walikufa baada ya kunywa maji yaliyoletwa kwa gari. Maji! Lakini maiti zilipopasuliwa, zilionekana zimejaa alama za kupigwa, na uongo wa maji ukaanguka mbele ya dunia nzima. Hata hivyo hakuna aliyeshtakiwa kwa vifo vile.

Yapimeni mambo haya mawili pamoja. Kule Hola serikali ilitaka maiti zinyamaze, na uchunguzi ukazisemesha. Kule Ontario maiti haikuwa na la kumshtaki mtu, nayo ikasingiziwa maneno. Maiti haisemi uongo. Asemaye uongo ni mkalimani wake. Kwa hiyo kila mkalimani wa wafu sharti awe na mwenzake wa kumsahihisha, la sivyo mwenye nguvu atamtafsiri maiti apendavyo.

TWADAI NINI?

Kwanza, daktari anayepasua maiti asiwe chini ya polisi wala chini ya mwendesha mashtaka. Awe amesomea kazi hiyo hasa, na cheo kisihesabiwe kuwa elimu.

Pili, mshtakiwa maskini apewe daktari wake wa pili kwa gharama ya serikali. Serikali inayoweza kulipa daktari wa kumtia mtu hatiani haiwezi kusema haina fedha ya daktari wa kumpima huyo wa kwanza.

Tatu, vipande vya maiti, picha na maandishi ya daktari yahifadhiwe mahali pa amana, si katika kabati la ofisi ya mtu. Atakayevipoteza aulizwe kama aulizwavyo mtunza hazina.

Nne, mlango wa mahakama usifungwe kwa kufuli baada ya rufani. Elimu inapogundua kosa, shauri lifunguliwe tena, hata kama imepita miaka 20.

Tano, na hili ndilo kubwa, kitanzi kiondolewe. Kanada ilifuta adhabu ya kifo kwa mauaji mwaka 1976, na kwa ajili hiyo Mullins-Johnson alikuwa hai siku majaji walipotamka kuwa hana hatia. Angalikuwa katika nchi inayonyonga, wangalitamka maneno hayo juu ya kaburi. Mahakama ya Juu ya Kenya mwaka 2017, na Mahakama ya Afrika huko Arusha mwaka 2019, zilikwisha sema kwamba kumfunga jaji mikono ili asiwe na hukumu nyingine ila kifo ni kuvunja haki. Sisi twasonga mbele hatua moja zaidi: mtu aliyefungwa kwa kosa la daktari aweza kufunguliwa, aliyenyongwa haweza kufufuliwa.

Watasema chama kinawatetea wauaji. Huo ni uzushi. Mtoto aliyeuawa ana haki ya kudaiwa, nasi tutaidai pamoja na wazazi wake. Lakini mtoto aliyekufa kwa ugonjwa hahitaji kisasi, na ndugu asiye na hatia hawezi kuwa sadaka ya kuwapoza wakubwa. Wala hatuidharau elimu. Aliyemwokoa Mullins-Johnson ni elimu, mikononi mwa madaktari waliokubali kumwambia daktari mwenzao, "Umekosa."

Basi ninyi mlio wazee wa baraza mahakamani, ninyi mawakili vijana, ninyi waganga na wauguzi wa hospitali zetu, msiogope koti jeupe. Ulizeni: umeonaje? Umejuaje? Nani mwingine ametazama? Daktari mkweli hatachukia kuulizwa, na yule atakayechukia ndiye wa kuulizwa zaidi.

Uhuru na Haki!