Basra: Majitaka kwanza, roshani baadaye

Magazeti ya dunia hayawezi kuutaja mji wa Basra bila kuuita Venice ya Mashariki. Walioanza kuuita hivyo walikuwa wanausifu, na wenyeji wenyewe wamelipokea jina hilo kwa fahari, lakini ni sifa iliyowaponza. Mifereji ya Venice ni maji ya bahari yaliyopita kati ya visiwa: watu husafiri juu yake na kutazama majumba, lakini hakuna anayeyachota akanywa wala kumwagilia shamba. Mifereji ya Basra, kule kusini mwa Iraki, ilichimbwa kwa kazi nyingine kabisa. Ilinywesha watu, ikanywesha mitende, na kwa zaidi ya miaka elfu moja ndiyo iliyokuwa uti wa mgongo wa uchumi wa mji. Anayetaka kuifufua Basra kwa kuanza na sura yake, yaani kingo za mawe, taa na nyumba za kale zilizopakwa rangi upya, ameshika mkia akidhani ameshika kichwa. Hoja yangu ni kwamba kazi ya kwanza ni mabomba ya majitaka, ya pili ni kuurudishia mto nguvu yake, na mapambo yasubiri zamu.

Kuelewa kwa nini nasema hivyo inabidi kwanza kujua mtambo huo ulivyofanya kazi, maana ni wa ajabu na haukuwa na injini. Dijla na Furati hukutana Qurna na kuwa mto mmoja, Shatt al-Arab, unaokwenda kama kilomita 200 hadi Ghuba. Nchi ile ni tambarare mno, kwa hiyo bahari inapojaa, msukumo wake hufika hadi Basra na kuipita. Mto ukiwa na nguvu, maji ya chumvi hayafiki mjini. Yanachofanya ni kuyazuia maji matamu yasishuke, nayo yakikosa pa kwenda hupanda, huingia mifereji mikubwa, hutoka humo kuingia midogo, na mwisho hufika kwenye vijito vyembamba vinavyopita mguuni mwa mitende. Bahari ikipwa, maji hurudi mtoni yakiwa yamebeba chumvi iliyokuwa inapanda udongoni. Mara mbili kwa siku shamba lilinyweshwa na kuoshwa bila pampu. Mkulima wa Abu al-Khasib, kusini ya mji, kazi yake kubwa ilikuwa kuzoa tope ili njia za maji zisizibe. Msomaji wa Mwambao, anayeijua bamvua na maji mafu, ataona mara moja uzuri wa mpango huo, na udhaifu wake pia: mto ukipungua nguvu, maji yanayopanda si matamu tena.

Mji ulianza kama kambi ya jeshi wakati wa Khalifa Umar, katika miaka ya 630, mahali palipo karibu na Zubair ya leo, mbali kidogo na mto. Kwa sababu hiyo mifereji ilikuwa suala la kufa na kupona tangu mwanzo. Wanajiografia wa karne ya 10 waliandika kwamba ilizidi laki moja. Mimi siamini, na nadhani hata baadhi yao hawakuamini, ila idadi kama hiyo huzushwa tu kwa mji ambao maji yake yamemshangaza kila mgeni. Kwenye maji hayo paliota elimu. Hapo ndipo alipoishi Hasan al-Basri, na Rabia al-Adawiyya, na Khalil bin Ahmad mwenye asili ya Oman aliyeweka kanuni za arudhi, na mwanafunzi wake Sibawayhi aliyeandika kitabu kikuu cha sarufi ya Kiarabu. Jabir bin Zayd, mtu wa Nizwa, alifundisha hapo, na mafundisho yaliyolelewa Basra yakawa Uibadhi wa Oman, ambao karne nyingi baadaye ulifika Unguja pamoja na watawala wa Kibusaidi. Ibn Battuta alipofika mwaka 1327 alikuta mji umeshuka. Alimsikia khatibu akikosea sarufi kwenye hotuba ya Ijumaa, akastaajabu kwamba jambo hilo linatokea katika mji wa Sibawayhi. Bustani za mferejini, hata hivyo, alizisifu. Miaka minne baadaye alikuwa Mombasa na Kilwa.

Historia hiyo ina upande mchungu, na hauwezi kuachwa nje, kwa sababu unahusu chumvi ileile inayoisumbua Basra leo. Ardhi ya pembezoni, isiyooshwa vizuri na maji ya kupwa na kujaa, ilifanya ganda la chumvi juu, na walioletwa kulikwangua ili palimike walikuwa watumwa. Waandishi wa Kiarabu waliwaita Zanj, jina walilowaita pia watu wa pwani yetu. Mwaka 869 waliasi, mwaka 871 wakaiteka na kuiteketeza Basra, na dola ya Abbasi ilihitaji hadi mwaka 883 kuwashinda. Wanahistoria wanabishana ni wangapi kati yao walitoka kweli Afrika Mashariki, na ubishi huo haujaisha. Lililo wazi ni kwamba utajiri wa mifereji ulikuwa na gharama, na waliolipa hawakuwa wenye bustani.

Biashara iliyofuata baadaye inafahamika zaidi kwetu. Majahazi ya Ghuba yalipakia tende kwenye Shatt al-Arab, yakashuka na kaskazi hadi Lamu, Mombasa na Unguja, yakauza mzigo bandari kwa bandari, kisha yakarudi na kusi yakiwa yamejaa boriti za mikoko kutoka Lamu na delta ya Rufiji. Alan Villiers, baharia na mwandishi wa Australia, alisafiri na jahazi moja la Kuwait katika msimu wa mwaka 1938 na 1939, na kitabu chake kinaonyesha mzunguko huo ulivyokuwa: mti wa Rufiji ulikuwa paa la nyumba ya Ghuba, na tende ya Basra ilikuwa futari ya Mwambao. Ndani ya Basra kwenyewe, mfereji wa Ashar ulijaa mitumbwi myembamba iitwayo balam, iliyosukumwa kwa upondo, ikibeba abiria, mboga na makanda ya tende. Juu ya mfereji zilitokeza roshani za mbao zenye nakshi, shanashil kwa lugha yao, ambazo mtu wa Mji Mkongwe akiziona atadhani amezizoea. Fedha zilizojenga roshani hizo zilitoka kwenye tende, na tende zilitoka kwenye maji ya mfereji. Mpangilio huo ndio ninaoutetea hapa.

Leo mifereji ya mjini hupokea majitaka na taka ngumu. Mingine imefukiwa na kujengwa juu. Kiangazi cha mwaka 2018 mambo yalifika pabaya: maji ya Shatt al-Arab yaliingiwa na chumvi na uchafu, na kwa hesabu iliyotolewa na shirika la Human Rights Watch, watu wasiopungua 118,000 walifikishwa hospitalini kwa maradhi ambayo madaktari waliyahusisha na maji. Wananchi waliingia barabarani, majengo ya serikali yakachomwa moto. Na huu ni mkoa ambao chini yake kuna visima vinavyotoa sehemu kubwa ya mafuta ya Iraki, nchi ambayo bajeti yake karibu yote hutegemea mafuta. Ni mwaka uliofuata ambapo UNESCO, kwa fedha za Umoja wa Ulaya, ilianza mpango wa kukarabati nyumba za shanashil na kuwapa vijana kazi ya useremala na uashi. Sina neno baya juu ya kazi hiyo. Vijana wa Basra wanahitaji ajira, na nyumba zile zikianguka hazitarudi. Lakini roshani iliyokarabatiwa juu ya mfereji unaonuka haitafunguliwa dirisha na mtu yeyote. Nyumba hufa mara ya pili kwa kukosa mkaaji.

Watu wa Basra wengi watanijibu kwamba kosa liko juu ya mto, na wana haki ya kusema hivyo. Uturuki imejenga mabwawa makubwa, likiwemo la Atatürk kwenye Furati lililoanza kazi miaka ya mwanzo ya 1990 na la Ilısu kwenye Dijla lililoanza kujazwa mwaka 2019. Iran imeyazuia na kuyageuza maji ya Karun, mto uliokuwa unamwaga maji matamu mengi kwenye Shatt al-Arab kusini ya Basra na hivyo kuisukuma chumvi irudi baharini. Vita vya mwaka 1980 hadi 1988 vilipiganwa ndani ya mashamba yenyewe, mitende ikakatwa na kuchomwa. Vikwazo vya miaka ya 1990 vilimaliza vipuri na dawa za kusafisha maji. Yote hayo ni kweli. Bado hayaelezi kwa nini choo cha nyumba ya Basra kinatiririkia mfereji wa Basra. Bwawa la Atatürk halikuzuia mtu kulaza bomba la majitaka, na mji wenye mafuta hauwezi kusema hauna fedha. Tena mpango wa kutumia maji ya bahari badala ya maji matamu kusukuma mafuta visimani ulibuniwa mwanzoni mwa miaka ya 2010, ukacheleweshwa zaidi ya muongo mmoja. Huko hakukuwa na Mturuki wala Muajemi wa kulaumiwa.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Wahandisi na wanasiasa kadhaa wanapendekeza kuzibwa kwa Shatt al-Arab chini ya mji kwa lango kubwa la maji, ili chumvi isipande. Kwa nini tuhangaike na vyoo, wanauliza, wakati ukuta mmoja unaweza kutatua tatizo kubwa? Kwa sababu ukuta huo huzuia pande zote mbili. Chumvi itabaki nje, lakini majitaka ambayo leo angalau hutoka na maji ya kupwa yatabaki ndani, na Basra itakuwa imejijengea shimo la choo la urefu wa mto. Zaidi ya hayo, lango likifungwa, msukumo wa bahari haufiki, na ule mtambo wa kunywesha mitende bila pampu unakufa rasmi. Huenda siku moja lango likalazimika, maana mto unaweza kupungua kupita kiasi. Hata siku hiyo mji uliokwisha kuyaondoa majitaka yake mtoni ndio utakaoweza kulifunga kwa usalama. Mpangilio haubadiliki.

Wapo pia wasemao kwamba tende zimepitwa na wakati, na kwamba mji wa mafuta hauna sababu ya kulilia vijito. Lakini mafuta hayajampa maji ya kunywa mtu wa Basra: yanayotegemewa mjini huletwa kutoka kaskazini kwa mfereji wa wazi wenye urefu wa zaidi ya kilomita 200, ambao njiani huvuja na kuchepushwa. Na wakati mjadala ukiendelea, mashamba ya Abu al-Khasib yanakatwa viwanja. Ndiko alikozaliwa mshairi Badr Shakir al-Sayyab, aliyekifanya kijito kidogo cha Buwayb kijulikane kote Uarabuni. Mkulima ambaye mitende yake imekauka kwa chumvi hana sababu ya kukataa bei ya mnunuzi wa kiwanja, na mnunuzi huanza kwa kufukia kijito. Kwa hiyo baraza la mkoa lingeweza kufanya jambo moja mwaka huu bila kusubiri Ankara wala Tehran: kupiga marufuku ufukiaji wa mifereji na vijito, na kuisimamia marufuku hiyo, huku mabomba yakianza kulazwa pande zote mbili za Ashar.