KUPUNGUA UZITO SI KUPONA

Kijana mnene akishakutwa na kisukari, neno analolisikia kuliko mengine yote, nyumbani na hospitalini, ni moja: punguza kilo. Basi kila aendapo kliniki hupandishwa juu ya mzani, na kila mzani ushukapo watu humpongeza. Mama hufurahi, shangazi hufurahi, na mwenyewe, ambaye shuleni amechoka kuitwa "bonge", hufurahi kupita wote. Twasema leo kwamba furaha hiyo yaweza kuficha hatari kubwa, na ya kwamba sisi wa Mwanza na wa kandokando ya Ziwa tunayo sababu ya kuiogopa kuliko watu wa mahali pengi.

Si jambo gumu kulifahamu. Sukari ni chakula cha mwili, na insulini ndiyo inayoifungulia mlango ili iingie katika viungo. Insulini ikikosekana, au ikiwapo lakini mwili ukawa mzito wa kuitii, sukari hubaki damuni, kisha hutoka kwa mkojo. Mwili uliokosa chakula chake huanza kujila wenyewe: huyeyusha mafuta, hula nyama ya misuli, na kupoteza maji mengi. Mzani hauna akili ya kujua ni kitu gani kilichotoka. Kilo 6 zilizotoka kwa mwendo na kwa chakula kizuri, na kilo 6 zilizotoka kwa sababu dawa zilikwisha nyumbani, mbele ya mzani ni kilo 6 tu. Tena wako vijana, na hasa wasichana, katika nchi nyingi za dunia, waliokwisha kugundua kwamba wakiruka sindano ya insulini hukonda upesi. Hao hujiangamiza huku wakisifiwa.

Hapa kwetu liko jambo jingine. Mwaka 2011 ulichapishwa utafiti uliofanywa hapa Mwanza na wataalamu wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu pamoja na wenzao wa Denmark. Walipima sukari katika damu ya wagonjwa wa kifua kikuu, na ya watu wengine wasiokuwa na ugonjwa huo. Katika kila wagonjwa 100 wa kifua kikuu, karibu 17 walikutwa na kisukari. Katika wale wengine walikuwa 9 hivi. Maana yake ni kwamba maradhi haya mawili hutembea pamoja, na kila mmoja wetu ajua kifua kikuu humfanya nini mtu: humkondesha. Basi kijana wa Igogo au wa Igoma mwenye kisukari, aliyekuwa mnene mwaka jana na leo suruali inamlegea, asipigiwe makofi kabla hajaulizwa kama anakohoa, kama anatoka jasho usiku, na sukari yake imefika wapi.

Lakini twauliza: mzani usipotosha, tupime nini? Tupime mafuta, na mahali yalipokaa.

Kanuni inayotumika katika hospitali zote, ya kugawanya kilo za mtu kwa urefu wake wa mita uliozidishwa kwa wenyewe, ilitoka kwa Mbelgiji mmoja, Adolphe Quetelet, katika karne ya 19. Bwana huyo alikuwa mtaalamu wa nyota na wa hesabu, wala hakuwa mganga. Alitaka kujua umbo la watu wengi kwa jumla, si afya ya mtu mmoja. Kanuni yake yafaa, nasi hatuidharau. Ila haitofautishi mafuta na misuli. Mchukuzi wa Mwaloni pale Kirumba, anayeshinda akipakua mizigo ya samaki, aweza kuwa na kilo sawa na za karani wa urefu wake anayeshinda kitini. Wa kwanza amejaa misuli, wa pili amejaa kitambi, na kanuni yasema wote ni sawasawa.

Kwa kijana neno hili huzidi ugumu, kwa kuwa kijana yungali akikua. Namba 25 na 30 tunazozisikia kila mara ni za watu wazima. Mwenye umri wa miaka 5 hadi 19 hupimwa kwa majedwali ya ukuaji ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2007, yanayotazama umri na tena kama ni mvulana au msichana. Mtoto wa miaka 13 aliyekaa na kilo zilezile mwaka mzima huku amerefuka sentimeta 6 amepiga hatua kubwa. Tazama sasa akifika mbele ya mtu asiyelijua jambo hilo, naye akakaripiwa kwamba hakupungua! Mtoto wa namna hiyo hukata tamaa, na mara inayofuata haji.

Vyombo vya kupima mafuta viko. Iko eksirei ya aina ya pekee inayotenganisha mfupa, misuli na mafuta, nayo ni ghali. Liko koleo dogo la kubana ngozi ya mkono na ya mgongo, ambalo lataka mkono uliozoea. Iko na mashine ya kusimamia inayopitisha umeme mdogo sana mwilini, kwa kuwa umeme hupita kwa urahisi penye maji na kwa shida penye mafuta. Wenye kuiamini mashine hiyo wakumbuke kitu kimoja: mwenye kisukari ambaye sukari imempanda hukauka maji, na mashine ikiona maji yamepungua husema mafuta ni mengi. Kwa hiyo humdanganya mgonjwa wakati ule hasa anapohitaji kuambiwa kweli.

Chombo tunachokipigania sisi ni utepe wa fundi cherehani, ambao bei yake haifiki sahani moja ya chipsi mayai. Mafuta yanayokaa tumboni, kuyazunguka maini na matumbo, ndiyo yanayouzuia mwili kuitii insulini kuliko yale ya mapajani. Kanuni yake ni fupi: kiuno kisizidi nusu ya urefu. Kijana wa sentimeta 160 kiuno chake kisipite 80. Hupimwa katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, nguo zikiwa zimepandishwa, na pumzi imetolewa. Asiyekuwa na utepe hata huo, kama yuko Ukerewe au Kayenze hakosi uzi wa nyavu: aukate sawa na urefu wa kijana, aukunje mara mbili, auzungushe kiunoni. Ncha zisipokutana, apelekwe kwa mganga.

Hata hivyo yatupasa kusema na upungufu wake, maana ni upungufu wa hapa kwetu. Kichocho cha tumbo kimeenea katika visiwa na fukwe za Ziwa Victoria. Nacho huvimbisha maini na wengu, na kikizidi hujaza tumbo maji. Tumbo la namna hiyo si mafuta. Mwuguzi asitosheke na utepe tu. Na aliguse tumbo la mtoto, amwulize kama huoga ziwani.

Wako watakaosema kwamba tunashughulika na unene katika nchi ambayo bado ina watoto waliodumaa kwa njaa. Twawajibu kwamba yote mawili yamo, pengine katika nyumba moja. Katika vijiji vilivyopimwa na kuandikwa habari zake mwaka 1989, mwenye kisukari hakufika mtu 1 katika kila 100. Katika upimaji wa taifa wa mwaka 2012, watu wa umri wa miaka 25 hadi 64 walikuwa 9 katika kila 100. Vipimo hivyo viwili havikulingana katika kila jambo, lakini hakuna atakayesema kwamba tumesimama pale pale. Wanawake wa miaka 15 hadi 49 wenye uzito uliozidi walikuwa 22 katika kila 100 mwaka 2010, na 28 katika uchunguzi wa mwaka 2015 na 2016. Na njaa yenyewe haimkingi mtu: mwezi wa Aprili 2025, huko Bangkok, Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikubali kuitambua aina ya tano ya kisukari, inayowapata watu wembamba waliokosa chakula cha kutosha tangu utoto.

Mwaka 1973 nchi hii iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya kwa redio na kwa vikundi vya kujisomea, na mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai. Watu walichimba vyoo kwa mikono yao. Oktoba 1967 Mwalimu Nyerere alitoka Butiama kwa miguu mpaka Mwanza kuhudhuria mkutano mkuu wa TANU, na vijana waliandamana naye. Leo kijana hupanda bodaboda kwenda duka linaloonekana mlangoni kwao. Hatumlaumu yeye peke yake; viwanja alivyopaswa kuchezea tumevijenga vibanda.

Jambo moja twalisema kwa ukali. Watoto wengi wenye kisukari nchini wana aina ya kwanza, ambayo haikuletwa na soda wala na uvivu, na mtoto mnene aweza kuwa na aina hiyo vilevile. Mtoto huyo akinyimwa insulini ili "apunguze kwanza", atakufa. Hata wale wenye aina ya pili, ugonjwa wao huwa mkali kuliko wa wazee: utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2012, wa vijana 699, ulionyesha kwamba karibu nusu ya waliotegemea vidonge vya metformini peke yake hawakuweza kuizuia sukari. Kwa hiyo kupima mafuta ni kwa ajili ya kuongeza msaada, si kwa ajili ya kutafuta wa kulaumiwa.

Kwa sababu hiyo twaomba upimaji ufanywe faraghani, msichana akipimwa na mwanamke mwenzake, na namba zisitangazwe mbele ya foleni. Kila mahudhurio yaandikwe kwa pamoja katika daftari lake: urefu, kilo, kiuno, na sukari. Kilo zikishuka na sukari ikapanda, hiyo ni dharura, na kijana asirudishwe nyumbani na pongezi.

Hayo hayahitaji fedha za kigeni. Wajumbe wa Chama walio katika mabaraza ya madiwani, kuanzia Ilemela na Nyamagana hadi Sengerema na Ukerewe, hupitisha bajeti za halmashauri zao kila mwaka. Na waulize kama zahanati za kata zao zina utepe, majedwali ya ukuaji wa vijana, vipimo vya sukari, na insulini isiyokatika. Wakijibiwa kwamba mzani upo, wasikae chini.