Mama huyu apumzike lini?

Jumapili moja, baada ya Misa ya kwanza, tulimkuta mama mmoja nje ya kanisa, chini ya mwembe, pamoja na mwanawe wa miaka tisa. Hakuingia ndani. Ngoma humtia mtoto hofu, naye huziba masikio na kupiga kelele. Ndipo watu wote hugeuka kumtazama mama. «Mwalimu,» alituambia, «tangu Pasaka sijalala usiku mzima.»

Mtoto huyo ana usonji. Si ugonjwa wa kuambukiza, wala laana, wala uchawi. Na sheria ya Kongo ya tarehe 10 Januari 2009 yakataza kumsingizia mtoto uchawi. Ni namna ubongo wake unavyokua. Miaka ya 1950 na 1960 hata madaktari wa Ulaya na Marekani walidai ya kwamba chanzo chake ni mama asiye na upendo. Ulikuwa uongo, nao uliwaumiza wazazi wengi kabla haujatupwa.

Basi, wengi humhurumia mtoto. Lakini ni nani amwulizaye mama kama amekula? Watoto wengi wa namna hii hulala kidogo. Wengine hutoroka nyumbani pasipo kuogopa mto wala motokari, hata jicho la mama halithubutu kufumba. Mwishowe humpiga mtoto kwa jambo dogo, kisha hulia kwa majuto. Twauita ukali, ni uchovu. Na baba? Wako wasaidiao kwa moyo. Wako pia ambao kila jioni hukumbuka ghafula rafiki wa kumtembelea!

Katika Injili ya Marko, sura ya 6, Bwana Yesu aliwaita mitume kando wapumzike, kwa maana hawakupata hata nafasi ya kula. Mama naye asione haya kupumzika.

Enyi wanashirika, msimpelekee mashauri matupu. Achaguliwe mtu mmoja, yeye yule kila mara, maana mageuzi humsumbua mtoto. Kwanza aje mama akiwapo, ajifunze kikombe gani mtoto hupenda, na neno gani humtuliza. Baadaye mama aondoke kwa saa mbili, wala asihojiwe aendako. Alale, asukwe nywele, aende kuungama. Ni shauri lake.

Jirani ya mama yule, bibi mzee, amekwisha kuanza. Mara ya kwanza mtoto hakumtazama kabisa. Mara ya pili hakumtazama vilevile, ila alichukua karanga mkononi mwake. Jumamosi atarudi.