Fedha za Vyuo Vikuu: Nani Ale, Mpira au Vitabu?

Kila vyuo vikuu vyetu vinapopungukiwa na fedha, na siku hizi havikosi kupungukiwa, huzuka makundi mawili ya watu. La kwanza lasema michezo ni anasa, na ikatwe. La pili lasema chuo kisicho na timu hakina jina, na kisicho na jina hakipati wafadhili. Nimewasikiliza wote, nami naona wote wamelishika jambo hili kwa upande wa makali. Swali si michezo au masomo. Swali ni kwamba fedha hizo zampa nani mchezo: zampa mwanafunzi acheze, au zampa mtazamaji kitu cha kutazama?

Tuanze mbali kidogo, maana huko jambo hili lilifikishwa mwisho wake na matokeo yake yaonekana kwa macho. Chuo Kikuu cha Chicago, huko Marekani, kilifungua milango mwaka 1892 kwa fedha za tajiri wa mafuta, John D. Rockefeller. Mkuu wake wa kwanza, William Rainey Harper, alikuwa mwanachuoni wa Kiebrania, lakini soko alilijua. Alimwajiri Amos Alonzo Stagg afundishe kandanda ya Kimarekani, ule mchezo wa kubeba mpira mkononi na kuangushana, akampa cheo sawa na walimu wa elimu nyingine. Stagg alikaa pale miaka arobaini. Uwanja ukaitwa kwa jina lake, watu wakajaa, na chuo kichanga kikajulikana nchi nzima. Mwaka 1935 mchezaji wao, Jay Berwanger, alikuwa wa kwanza kabisa kupata ile tuzo inayoitwa Heisman, ambayo hadi leo vijana wa Marekani huiota usiku.

Kufikia hapo wapenzi wa timu waweza kusema, si mwaona? Lakini mwaka 1929 chuo kilikuwa kimepata mkuu mwingine, Robert Maynard Hutchins, kijana wa miaka thelathini aliyeona kwamba mkia umeanza kumtikisa ng'ombe. Vyuo vingine vilikuwa vikitafuta wachezaji kila pembe na kuwalegezea masomo ili mradi washinde. Chicago haikutaka kulegeza, na ikawa yafungwa. Mwaka 1939 Michigan iliwafunga 85 kwa 0. Mwezi wa Disemba mwaka huo huo wadhamini wa chuo walikata shauri, timu ikavunjwa.

Wako wahitimu waliokasirika, wakaona sifa ya chuo chao imezikwa. Haikuzikwa. Tarehe 2 Disemba 1942, chini ya viti vya uwanja ule ule wa Stagg, Enrico Fermi na wenzake walifanya kwa mara ya kwanza mfululizo wa kupasua chembe za atomu uliojiendesha wenyewe. (Sisemi kwamba kazi iliyozaa bomu ni bora kuliko mpira, wa Hiroshima wana haki ya kunijibu. Nasema tu kwamba hakuna aliyesema tena kuwa Chicago haina jina.) Uwanja ulibomolewa baadaye, na mahali pake pakajengwa maktaba kubwa ya Regenstein, iliyofunguliwa mwaka 1970. Mchezo wenyewe nao haukufa. Timu ilirudi mwaka 1969, lakini ilirudi kwa adabu: hakuna mwanafunzi anayelipiwa masomo kwa ajili ya misuli yake, wala masomo hayasimami kwa ajili ya mechi.

Walioshika njia ile nyingine wamefika wapi? Mwaka 2023 chuo cha Texas A&M kilimwachisha kazi mwalimu wake wa kandanda, na mkataba ukataka alipwe zaidi ya dola milioni 75. Alipwe kwa kutofundisha! Tangu mwaka 2025, kwa idhini ya mahakama, vyuo vya huko vyaweza kuwalipa wachezaji wenyewe moja kwa moja, hadi kiasi cha dola milioni 20 kwa mwaka kwa kila chuo. Timu chache kubwa hujilisha kwa televisheni na viingilio, hilo ni kweli. Zilizo nyingi hazijilishi, na pengo huzibwa kwa karo za wanafunzi na mfuko wa chuo, yaani kwa jasho la mzazi ambaye pengine hata mechi hajaiona.

Sasa turudi kwetu, ambako televisheni hainunui mechi za vyuo na langoni hakuna foleni ya tikiti. Vyuo vya serikali Kenya vina madeni ya mabilioni ya shilingi. Mwaka 2025 wahadhiri waligoma kwa majuma kadhaa wakidai malipo yao, na wana wetu wa Kilifi na wa Mombasa wakakaa nyumbani kama wenzao wa bara. Katika hali hiyo, fedha aliyotoa mzazi wa Faza au wa Vanga ili mwanawe asome, naiona mimi kama wakfu. Sisi watu wa Pwani hatuhitaji kufundishwa maana ya neno hilo. Mtu akiiweka minazi yake wakfu kwa msikiti, mtawalli hana ruhusa ya kuziuza nazi akanunulia tanga la mashua ya mashindano, hata kama mashua hiyo itauletea mtaa sifa Lamu nzima. Sifa ni nzuri, lakini nazi zina wenyewe.

Na tukumbuke ya kwetu. Kile kinachoitwa leo Technical University of Mombasa kilianza kama taasisi ya Waislamu, MIOME, ambayo Aga Khan, Sultani wa Zanzibar na jamaa wa Bohora walichangia ili vijana wa Kiislamu wa Afrika Mashariki wapate elimu ya ufundi. Waliotoa walitoa kwa ajili ya karakana, vyombo na walimu.

Lakini nisifahamike kwamba nawaunga mkono wale wa kundi la kwanza. Kuupuuza mwili si katika mila yetu wala katika dini yetu, nani asiyejua kwamba Mtume (s.a.w.) alishindana mbio na Bibi Aisha? Kijana anayeinamia vitabu tangu alfajiri hadi usiku ahitaji kutoka jasho, na chuo kina wajibu wa kumpa mahali. Hapa ndipo hesabu za vyuo vingi hunisikitisha zaidi. Fedha ya michezo, ikiwa ndogo hivyo ilivyo, huliwa na vijana ishirini wa timu: basi, jezi, malazi, posho. Wanafunzi maelfu waliobaki hupata kiwanja cha vumbi, tena cha wavulana.

Binti zetu je? Binti wa Kiislamu apendaye mpira wa kikapu au kuogelea hahitaji kombe. Ahitaji ua lenye ukuta, saa zake maalum, na mwalimu mwanamke. Watu wa mpira wa dunia walikwisha kuruhusu hijabu uwanjani tangu mwaka 2014, kwa hivyo vazi si kisingizio tena. Kilichobaki ni matofali na ratiba. Kwa chuo kilichokaa kando ya bahari, kuhitimisha wasichana wasiojua kuogelea ni aibu, na naliandika neno hilo nikilikusudia.

Na yule mwenye kipaji kikubwa asitupwe. Mike Boit alipata medali ya shaba ya mita 800 huko Munich mwaka 1972, akasoma Marekani hadi akapata udaktari, kisha akarudi kufundisha Chuo Kikuu cha Kenyatta. Kumlipia karo mtu kama huyo ni fedha ya elimu, madhali kweli anasomeshwa.

Basi karo na ruzuku ziende kwa walimu, vitabu na maabara. Fungu dogo lililotengwa na kuandikwa wazi liende kwa michezo ya wote, wasichana wapate nusu yao bila ya kuomba. Timu ya mashindano itafute mfadhili. Huyo naye asilete jezi zenye jina la duka lake akapigwa picha, kisha nauli ya kwenda Eldoret akaachiwa chuo. Akitaka picha, na alipe basi pia.