Bahari haina lami, kwa nini mvuvi alipie barabara?

Jumamosi tarehe 14 Oktoba 2023, mamlaka ya kudhibiti kawi na petroli, EPRA, ilitangaza bei mpya za mafuta. Hapa Mombasa lita moja ya petroli ilikuwa shilingi 214.30, dizeli 202.41, na mafuta ya taa yalifika 202. Mwezi uliotangulia petroli ilikuwa imepanda kwa shilingi 16.96 kwa mpigo mmoja, na mwezi huo ikaongezwa nyingine 5.72. Kwa hiyo katika muda wa miezi miwili, kila lita ilipanda kwa zaidi ya shilingi 22.

Baada ya hapo barazani hapakuwa na mazungumzo mengine. Na swali nililolisikia zaidi lilikuwa hili: meli za mafuta zatia nanga hapa kwetu Kipevu, twaziona kwa macho yetu, mbona twalipa karibu sawa na mtu wa Nairobi aliye mbali kilomita mia tano?

Ni swali la haki, na jibu lake laonyesha mahali ambapo kilio chetu kinapaswa kuelekezwa.

Nairobi lita ya petroli ilikuwa shilingi 217.36. Tofauti yake na Mombasa ilikuwa shilingi tatu na senti kidogo. Hizo ndizo gharama za kuyasukuma mafuta kwa bomba kutoka Pwani hadi bara. Umbali, basi, ni sehemu ndogo sana ya bei. Hata ungelijenga nyumba yako ukutani mwa gati la Kipevu, ungelipata nafuu hiyo hiyo ya shilingi tatu na si zaidi. Uzito wa bei uko kwengine, na mimi nauona katika mafungu matatu: soko la dunia, dola, na ushuru.

Tuanze na soko la dunia. Kenya haisafishi mafuta yake. Kiwanda cha Changamwe, ambacho wazee wetu wengi walikifanyia kazi, kilisimamisha kazi hiyo mwaka 2013, na tangu hapo kila tone la petroli laja likiwa limekwisha kusafishwa. Wapo wanaosema kiwanda kingefufuliwa bei ingeshuka. Mimi sioni hivyo. Kiwanda kile kilikuwa kikongwe, na mafuta ghafi nayo yangenunuliwa kwa bei ya dunia, kwa dola, vile vile. Kazi kwa vijana wa Changamwe pengine tungeipata, lakini nafuu ya bei ni jambo jengine.

Bei hiyo ya dunia ilipanda mwaka 2023. Mwezi Juni pipa la mafuta ghafi ya Brent lilikuwa kama dola 75. Saudi Arabia na Urusi zikapunguza mafuta wanayotoa, na mapema Septemba zikatangaza kwamba zitaendelea hivyo hadi mwisho wa mwaka. Kufikia mwisho wa Septemba pipa lilikuwa limepita dola 95. Na msomaji akumbuke jambo moja: EPRA hupiga hesabu kwa mafuta yaliyokwisha kushushwa bandarini katika wiki zilizotangulia. Bei tunayolipa leo ni ya meli za nyuma. Vita vilivyozuka Israel na Gaza tarehe 7 Oktoba 2023 havikuwamo ndani ya bei hiyo.

Fungu la pili ni dola, na hapa ndipo wengi wetu hatutazami. Mwezi Januari 2023 dola moja ilikuwa kama shilingi 123. Kufikia Oktoba ilikuwa kama 149. Tuchukue mfano wa lita iliyofika Kipevu kwa senti 80 za dola. Januari lita hiyo ingekuwa shilingi 98 na ushei. Oktoba, lita ile ile, kwa dola zile zile, ilikuwa shilingi 119. Shilingi 20 ziliongezeka bila Mwarabu wala Mrusi kupandisha chochote. Shilingi yetu ndiyo iliyopungua nguvu.

Serikali ilijaribu kulitibu hilo. Mwezi Machi 2023 ilifanya mapatano na kampuni tatu za Ghuba, yaani Saudi Aramco, ADNOC na ENOC, kwamba tuletewe mafuta kwa mkopo wa siku 180. Hapo awali kampuni zilishindana kwa zabuni na dola zilitakiwa haraka, kila mwezi, na zikawa hazipatikani kwenye mabenki. Wazo la mkopo lilikuwa kuipa shilingi nafasi ya kupumua. Lakini deni ni deni. Siku 180 ni miezi sita, na mafuta yaliyoanza kuingia mwezi Aprili malipo yake yaliiva Oktoba, wakati shilingi ilikuwa dhaifu kuliko siku yalipoletwa. Kukopa kuliahirisha kiu ya dola, hakukuimaliza.

Mafungu hayo mawili, tukisema kweli, hayako mikononi mwa mbunge wala gavana wetu. Hakuna mwanasiasa wa Pwani atakayeenda Riyadh kuamrisha mafuta yatolewe zaidi. Anayewaahidi hivyo jukwaani anawachezea.

Fungu la tatu ndilo la kwetu. Ushuru. Zaidi ya thuluthi moja ya bei unayolipa kituoni ni ushuru na tozo. Kuna ushuru wa bidhaa wa karibu shilingi 22 kwa lita ya petroli. Kuna tozo ya kutunza barabara, ambayo mwaka 2023 ilikuwa shilingi 18. Kuna tozo ya kustawisha petroli, shilingi 5.40, ambayo sehemu yake ndiyo inayotumika kutupunguzia makali ya bei, yaani twapewa nafuu kwa pesa zetu wenyewe. Ziko na nyingine ndogo ndogo. Juu ya hayo yote yaja VAT. Mwaka 2018 serikali ilitaka VAT ya asilimia 16 kwenye mafuta, wananchi wakapiga kelele, ikashushwa hadi asilimia 8. Mwaka 2023, kuanzia tarehe 1 Julai, ikarudishwa asilimia 16. Kwa petroli ya Mombasa hiyo peke yake ilikuwa karibu shilingi 30 kwa lita. Na huhesabiwa juu ya bei ambayo tayari ina tozo ndani yake. Ni ushuru juu ya ushuru.

Sasa nataka tushike tozo moja tu katika hizo, ile ya barabara.

Tozo ya kutunza barabara ilianzishwa na sheria ya mwaka 1993. Hoja yake ni nzuri na inaeleweka: anayetumia barabara zaidi huchoma mafuta zaidi, basi na achangie zaidi matengenezo yake. Mwenye lori atalipa sana, mwenye bodaboda kidogo. Mwenye kutembea kwa miguu halipi.

Lakini mvuvi wa Kipini, wa Gazi, wa Shimoni au wa Kizingitini huipitisha mashine yake kwenye barabara gani? Anapokwenda kituo cha mafuta na dumu lake la lita 20, muuzaji hamuulizi kama petroli ile ni ya gari au ya boti. Bei ni moja. Ndani ya dumu hilo, mwaka 2023, mlikuwa na shilingi 360 za kutunza barabara. Ongeza VAT yake, zilipita 417. Akitoka mara ishirini kwa mwezi na dumu moja kila safari, ni zaidi ya shilingi 8,000 zimekwenda kujaza mashimo ya barabara, na chombo chake hakijagusa lami hata siku moja.

Na huyo ni mtu ambaye dumu lake katikati ya Agosti 2023 lilikuwa shilingi 3,832 kwa bei ya Mombasa, na Oktoba likawa 4,286. Nyongeza ilikuwa shilingi 450 kila safari, kabla hajanunua barafu, kabla hajampa baharia wake riziki, na kabla hajajua kama nyavu zitarudi na kitu. Kwenye visiwa hali ni nzito zaidi. Mafuta ya Lamu hutoka Mombasa kwa njia ya barabara, kisha yapande chombo kwenda Pate, Faza au Kiwayu. Bei ya EPRA haivuki maji, kwa sababu mwenye kuyavusha madumu lazima naye atoe nauli na faida yake.

Tena si mvuvi peke yake. Kwa watu wa visiwani boti ndiyo matatu, ndiyo gari la wagonjwa. Mama mjamzito wa Ndau anayekimbizwa hospitali ya Lamu usiku, jamaa zake huchanga kwanza pesa za mafuta ndipo mashine iwashwe. Hao nao, katika mchango wao, wamelipia barabara.

Najua jibu litakalotolewa. Litasemwa kwamba mvuvi naye hunufaika na barabara, kwa kuwa samaki wake husafirishwa kwa gari hadi sokoni. Ni kweli samaki husafiri kwa gari. Lakini gari hilo lalipa tozo yake, na mama karanga anayebeba ndoo ya samaki kwenye matatu anailipa ndani ya nauli. Samaki huyo mmoja ametozwa barabara mara mbili, mara ya kwanza akiwa bado baharini.

Jibu la pili ni zito zaidi, nami silipuuzi. Litasemwa kwamba mafuta ya wavuvi yakiwa rahisi, wajanja watayanunua kwa jina la wavuvi na kuyauza kwa matatu na lori. Tumeliona hilo kwenye mafuta ya taa. Kwa kuwa yalikuwa rahisi, watu waliyachanganya na dizeli, na mwaka 2018 serikali ikayawekea tozo ya shilingi 18 kwa lita ili kuzuia uchakachuaji. Leo bibi anayewasha kibatari na jiko la utambi analipa adhabu ya kosa la mwenye lori. Sitaki tuponye jeraha moja kwa kufungua jengine.

Kwa hivyo siombi petroli ya bei mbili kituoni. Naomba marejesho. Mvuvi anunue kwa bei ya kila mtu, aweke risiti, kisha arudishiwe tozo ya barabara peke yake, kwa kiwango kisichozidi lita fulani kwa mwezi kulingana na ukubwa wa mashine yake. Vyombo vya uvuvi tayari husajiliwa na kupewa leseni. Kila bandari ya wavuvi ina BMU yake, kwa kanuni zilizowekwa tangu 2007, na huko wanajua nani ana boti na nani hana, nani ametoka leo na nani amelala. Pesa zaweza kurudi kwa simu, kama tunavyolipana kila siku. Marekani wavuvi wa biashara hawabebeshwi ushuru wa serikali kuu wa mafuta unaokusudiwa barabara kuu. Si jambo geni wala si sadaka. Ni kumwondolea mtu bili ya kitu asichokitumia.

Hazina haitafilisika. Mafuta yanayochomwa na boti za wavuvi wadogo ni tone tu ukilinganisha na yanayochomwa na malori yanayotoka bandarini kila siku kwenda bara. Lakini kwa nyumba moja ya Vanga au Ngomeni, shilingi 8,000 kwa mwezi ni karo, au ni nyavu mpya.

Mbona basi jambo hili halisikiki sana Bungeni? Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Wakati wa matatu kugoma, serikali huita mkutano, kwa sababu mji husimama. Mvuvi akigoma, mji hula kuku. Hana chama chenye sauti Nairobi, na mswada wa fedha unapopelekwa kwa wananchi watoe maoni, yeye yuko baharini.

Mswada wa fedha huja kila mwaka, na hutakiwa uwe umepitishwa kabla ya mwisho wa Juni. Maoni ya wananchi hukusanywa wiki kadhaa kabla ya hapo. BMU za kaunti zetu ziandike waraka mmoja, si waraka kumi, wenye hesabu za madumu na risiti zake. Jumuiya ya kaunti za Pwani iubebe. Wabunge wetu, ambao kila uchaguzi hutufuata hadi mchangani wakitukuta tukivuta nyavu, waulizwe mmoja mmoja na kwa jina: wewe kwa hili uko upande gani?

Dola ikishuka, alhamdulillahi. Vita vikitulia, kheri. Hayo tutayangoja kama wengine wanavyongoja. Lakini kila mwaka kusi linapokwisha na kaskazi kukaribia, huo ndio msimu ambao wavuvi wetu hutazamia kufidia hasara za mwaka. Wakitoka kwa bei kama hiyo, wengi watajikuta wanaivulia serikali kwanza, na watoto wao baadaye.