Barua ya wazi kwa Wakurugenzi wa Halmashauri za Dar es Salaam: Tupeni leseni ya kazi tunayoifanya

Ndugu Wakurugenzi wa Jiji la Dar es Salaam na wa Manispaa za Kinondoni, Ubungo, Temeke na Kigamboni,

Ukutani kwangu kuna leseni ya biashara. Imelipiwa na haijaisha muda, ila imeandikwa saluni. Mimi sisuki nywele, sinyoi ndevu wala sipaki rangi kucha. Kazi yangu ni masaji: nakanda migongo, nachua shingo na nyonga za watu walioshinda kwenye kiti cha ofisi au nyuma ya usukani wa lori. Siku nilipokwenda kuomba leseni kwenye halmashauri mojawapo, afisa aliyenihudumia aliitazama fomu, akanitazama na mimi, akasema kwa upole kabisa: “Dada, andika saluni, itapita haraka. Hiyo nyingine italeta maswali.” Nikaandika, na kweli ikapita haraka.

Wenye saluni za namna hii tuko wengi, Sinza, Kijitonyama, Tabata mpaka Mbagala. Leseni ileile tuliyonayo sisi anayo na jirani ambaye mapazia yake hayafunguliwi mchana, na bei ya “huduma kamili” inanong’onwa mlangoni. Sitajifanya siyajui hayo. Mjumbe wa nyumba kumi anajua, bodaboda wa kijiweni wanajua, na nyie mnajua. Kinachofuata nacho tumekizoea: linakuja gari usiku, taa za kamera zinawashwa, wasichana wanajifunika nyuso kwa khanga, na asubuhi picha zimeshasambaa kwenye simu za ndugu zao huko mikoani. Mwenye biashara hayupo. Huwa hayupo kamwe. Wiki haijaisha ameshafungua mtaa wa pili, kibao kipya, leseni ya saluni.

Jumapili inayofuata msako, fungueni televisheni mtazame ligi. Kwenye benchi la ufundi kuna kocha, kuna daktari, na kuna mchua misuli. Beki akishikwa na misuli dakika ya 80, uwanja mzima unamsubiri huyo bwana amalize kuuchua mguu, na hakuna anayemuuliza ana leseni ya saluni au ya nini. Kazi yake na yangu ni moja. Tofauti ni kwamba yeye anafanyia kazi mbele ya watu na mimi nafanyia chumbani, na chumba ndicho kinachowatia wasiwasi wenye mamlaka.

Basi tuzungumzie chumba. Kuna mambo mawili yamechanganywa, na yakichanganywa yote mawili yanaharibika. La kwanza ni ukahaba na wale wanaoishi kwa mapato ya miili ya wenzao. Hilo lina sheria zake tayari: Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inayamulika madanguro na wanaofaidika nayo, na tangu 2008 tuna Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu. Polisi wanayo mamlaka ya kutosha, hawahitaji leseni ya biashara iwafanyie upelelezi. La pili ni usalama wa mteja anayelala kifudifudi na kumkabidhi mtu asiyemjua uti wake wa mgongo. Hili la pili halina mwenyewe. Tangu nifungue mlango nimeulizwa kuhusu kodi, kibao, zimamoto na taka. Hakuna aliyewahi kuniuliza mikono hii ilijifunzia wapi.

Nao ujuzi wa mikono una uzito kuliko watu wanavyodhani. Mwanamume mmoja aliingia kwangu akitokea Mbeya kwa basi, amekaa kutwa nzima, anataka nimchue shavu la mguu wa kushoto, anasema “limekaza.” Nikamwambia apandishe suruali mguu mmoja mmoja. Wa kulia ulikuwa wa kawaida. Wa kushoto umevimba, umeiva wekundu, na nilipougusa kwa mgongo wa kiganja ulikuwa wa moto. Mguu wa namna hiyo hauchuliwi hata kidogo. Huenda damu imeganda ndani ya mshipa, na donge likisukumwa linaweza kupanda mpaka kwenye mapafu likamuua. Nilimpeleka kwenye bajaji, aende hospitali. Alinuna, maana alikuja na hela yake. Sasa mfikirieni msichana aliyeletwa mjini juzi, kapewa chupa ya mafuta na taulo, analipwa kwa kamisheni: mteja asipolala kitandani yeye halipwi. Atamkataa kwa ujuzi gani, na kwa ujasiri gani?

Mlolongo wa tahadhari zinazotakiwa si mrefu. Kabla mteja hajapanda kitandani anaulizwa kama ana presha, sukari, mimba, kama amefanyiwa upasuaji karibuni, kama anatumia dawa za kuyeyusha damu. Shuka inabadilishwa kila mteja, si kila jioni. Chombo cha mafuta hakiingizwi vidole vilivyotoka kwenye ngozi yenye fangasi. Bibi afya anaweza kuyakagua haya kwa nusu saa.

Wapo watakaosema niende kwenye Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, kwa kuwa lina sheria yake, Na. 23 ya 2002. Naliheshimu Baraza, lakini mimi sitibu ugonjwa wala sitaki kuandika mlangoni kwamba natibu. Kibao cha “tunatibu nguvu za kiume, kisukari na masaji” ndicho kinachotuchafulia jina zaidi ya mapazia ya jirani. Mtaalamu wa fiziotherapia naye ana shule yake na hospitali yake, sijilinganishi naye. Kwa hiyo tumebaki katikati, Wizara ya Afya inatuona wafanyabiashara na afisa biashara anatuona maswali.

Na naomba jambo moja lieleweke mapema, kabla mtu hajaandika rasimu yenye meno marefu: simzungumzii bibi anayemkanda mzazi kwa maji ya moto baada ya kujifungua, wala somo anayemsinga bibi harusi kwa liwa. Wale wako nyumbani kwa watu, wameitwa na familia. Sheria igusie anayefungua mlango kwa umma na kutoza hela.

Wengine wameshapita njia hii, tunaweza kutazama walipojikwaa. Katika jimbo la California, Marekani, zamani kila mji ulikuwa na kibali chake, na mingine iliwaweka wakandaji kundi moja na kumbi za burudani za watu wazima. Aliyefanya kazi miji mitatu alihitaji vibali vitatu. Mwaka 2008 jimbo likapitisha sheria ya kuwa na baraza moja la kutoa vyeti, na mji ukazuiwa kumbana mwenye cheti kwa masharti ambayo haukuwawekea wataalamu wengine. Miji kadhaa ikalalamika kuwa imefungwa mikono huku vyumba vikiota kila kona. Kuanzia Januari 2015 sheria nyingine ikairudishia miji mamlaka juu ya maeneo na majengo, na cheti cha mtu kikabaki kwa baraza. Thailand nayo, ambayo ukandaji wake wa jadi uliingizwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi mwaka 2019, ina sheria ya 2016 inayotaka kituo kiwe na leseni yake na mkandaji awe na usajili wake.

Hicho ndicho ninachokiomba: cheti cha mtu kiwe mbali na leseni ya chumba. Sheria ya Leseni za Biashara ya 1972 imewaachia nyie leseni za kundi B, na Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) ya 1982 inawaruhusu kutunga sheria ndogo, ikiridhiwa na waziri. Tengenezeni aina ya biashara inayoitwa masaji, ionekane kwenye TAUSI, mfumo wa kuombea leseni mtandaoni, ili afisa asilazimike kumshauri mtu kudanganya. Ujuzi waachieni VETA. Wanao utaratibu wa kuwatambua mafundi waliojifunzia kazini. Fundi uashi na seremala wanapimwa kwa vitendo na kupewa vyeti bila kurudishwa darasani. Mkandaji naye apimwe hivyo, na asiyejua apewe muda wa kujifunza kabla ya kufungiwa.

Ada nayo muitazame. Mkiipanga kwa macho ya hoteli za Masaki, Tabata itabaki saluni mpaka kiama.

Nimesikia pia pendekezo kwamba mwanamke akande wanawake tu na mwanamume wanaume tu. Mteja anayetaka hivyo apewe haki yake bila maswali, na mkandaji pia awe na haki ya kukataa. Lakini likiwa sharti la leseni mtafukuza ajira za wanawake wengi na danguro litaendelea kama kawaida, maana danguro halijawahi kujali masharti tangu mwanzo. Vivyo hivyo kwa wazo la milango ya vioo. Mgonjwa wa mgongo aliyevua shati haangaliwi na wapita njia.

Mkaguzi akija, badala ya kuhesabu mapazia aangalie mambo mengine. Je, wafanyakazi wanalala humohumo kazini? Vitambulisho vyao vya NIDA wanavyo wenyewe au vimefungiwa kwenye droo ya bosi? Wana mkataba wa maandishi? Aliyeandikishwa kwenye leseni ndiye anayepokea hela? Akikuta mambo hayo, amshike mwenye leseni, na msichana apelekwe kwa ofisa ustawi wa jamii bila kamera. Ibara ya 16 ya Katiba inalinda heshima na faragha ya kila mtu, na yeye yumo.

Rasimu ikiwa tayari, ibandikeni kwenye ofisi za kata kwa Kiswahili, siku ya maoni iwe Jumatatu au Jumanne, siku ambazo sisi hatuna wateja wengi. Wakandaji wa Sinza na Kijitonyama tumeshaanza kukusanya maoni yetu kwa maandishi, na tutayaleta.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mkandaji, Sinza

Nakala: Waziri mwenye dhamana ya TAMISEMI