Picha Nyeusi na Nyeupe Haina Kijani, Bana!

Wacha niseme hii maneno hata kama wenye studio watanuna: picha nyeusi na nyeupe ikitoka na ukijani kwenye mashavu ya mtu, hiyo kazi imeharibika. Na mteja hafai kuilipia.

Mmeziona. Picha ya marehemu nyanya, imekuzwa ikawekwa fremu ya kubebwa mbele ya jeneza, na uso unafanana na maji ya bwawa. Picha za harusi zinazokaa poa mchana, kisha usiku chini ya taa ya sebuleni zinageuka zambarau. Ukiuliza, unaambiwa, "Ngoja wino ukauke." Sawa, rangi husogea kidogo wino ukikauka, ndiyo maana ni vizuri kungoja siku moja kabla ya kuhukumu. Lakini kijani cha kesho kutwa si cha kukauka. Ni cha uzembe.

Shida iko hapa. Printa ya kawaida ya wino nne haina wino wa kijivu. Inaunda kijivu kwa kuchanganya samawati, majenta, njano na nyeusi. Uwiano ukiyumba kidogo tu, jicho linashtuka. Kwa picha ya rangi, shati jekundu likizidi wekundu nani atajua? Kijivu hakina pa kujificha. Tena kila wino hurudisha mwanga kivyake, ndiyo maana picha ile ile inabadilika ukiitoa dirishani ukaipeleka chini ya balbu.

Halafu mtu ananunua wino wa chupa wa bei rahisi, anaumwaga kwa printa, na bado anatumia profaili iliyotengenezewa wino mwingine na karatasi nyingine. Hiyo ni kushona suti kwa vipimo vya jirani, kisha unalaumu mwili wa mteja.

Na msiniambie haiwezekani. Tangu 2005 Epson wamekuwa na wino wa K3: nyeusi moja na kijivu mbili, na mpangilio maalum wa nyeusi na nyeupe unaotumia hizo zaidi, rangi ikiguswa kidogo tu. Canon PRO-1000 nayo ina kijivu mbili. Kuna programu ya QuadToneRIP ya Roy Harrington, inayokuruhusu kuamua kila wino utoke kiasi gani kwenye printa nyingi za Epson.

"Lakini hizo mashine ni pesa mingi!" Ni kweli. Basi fanya ya bei nafuu. Chapisha mstari wa vipande vya kijivu kutoka nyeupe hadi nyeusi, uutazame dirishani, kisha usiku chini ya taa. Kipande kinachoona haya utakijua. Ama jaribu wino mweusi pekee: utaona chembechembe kwenye sehemu nyepesi, lakini angalau samawati na majenta hazitapigania uso wa mtu. Karatasi moja na dakika kadhaa. Hilo nalo ni pesa mingi?

Hoja inayoniudhi kabisa ni hii: "Wateja hawajui tofauti." Wanajua! Hawana jina lake tu. Wanasema "picha imekaa vibaya", wanailaza kabatini, na hawarudi kwako. Na uso wetu mweusi, kwenye hizi picha, ni kijivu kitupu kuanzia paji hadi kidevu. Ukikosea kijivu, umekosea mtu mwenyewe.

Picha ya mazishi haipigwi mara ya pili. Ile ya nyanya ndiyo wajukuu watamjua nayo. Kwa hivyo wewe mteja, kabla ya kutuma pesa, ibebe hiyo picha hadi mlangoni, uitazame kwa mwanga wa jua. Ukiona kijani, irudishe. Kwa heshima, lakini irudishe.

Wenye studio, comments ziko wazi. Njooni tubishane.